Kutoka Gari-Nyumba Kubwa Hadi Vani Ndogo ya Kambi: Mwongozo Kamili kwa Anayetaka Kuhama

Wengi wanaotaka kuuza gari-nyumba la mita nane au kumi na kununua vani ya mita sita huanza kwa kupima urefu, kuhesabu vitanda na kulinganisha idadi ya makabati, kisha huamua kama watatosha au hawatatosha. Hesabu hiyo si mbaya, ila haigusi penyewe. Ndani ya gari kubwa mtu mmoja anaweza kuwa amelala, mwingine akachemsha maji, nguo zikawa zinakauka bafuni na ramani za jana zikabaki zimetandazwa mezani, bila yeyote kumwambia mwenzake asogee. Ndani ya vani shughuli hizo zote hupokezana nafasi ileile, kwa hiyo kila moja lazima imalizwe na kuondolewa kabla nyingine haijaanza. Kinachopotea zaidi ni ule uhuru wa kuacha kitu pale kilipo, na ndiyo maana katika mwongozo huu nitakuomba mara kwa mara uufanyie mazoezi mfuatano wa siku yako kabla ya kutoa fedha.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno na vipimo. Gari-nyumba hapa ni lile lenye sehemu ya kuishi iliyojengwa upya juu ya chasisi ya lori au ya basi dogo, na vani ya kambi ni gari la mizigo lenye bodi yake ya bati ya kiwandani ambayo ndani imetiwa kitanda, jiko na makabati. Vani kubwa zinazotumiwa sana Ulaya, kama Fiat Ducato, hutoka kiwandani zikiwa na urefu wa mita 5.41, 5.99 au 6.36, na zenye paa refu husimama kimo cha mita 2.5 hadi 2.8. Chini yake kuna zile za ukubwa wa Volkswagen Transporter, ambazo bodi yake fupi ni ya mita 4.9 hadi 5 hivi na kimo chake ni karibu mita 2 paa la kuinuka likiwa limefungwa. Kati ya makundi hayo mawili pana tofauti kubwa ya maisha kuliko tofauti ya mita inavyoonyesha, kwa sababu katika la kwanza unasimama wima muda wote, na katika la pili unasimama wima pale tu ulipolifungua paa.

Hatua ya kwanza: Ijue sababu yako halisi

Chukua daftari uandike mara zote, katika safari zako mbili au tatu za mwisho, ambapo ukubwa wa gari ulikuzuia jambo fulani. Usiandike "gari ni kubwa mno". Andika tukio lenyewe: mji ambao hukuingia, njia ya mlimani uliyoikimbia, maegesho yenye kizuizi cha juu, siku ambayo hukutoka kambini kwa kuwa kukunja turubai, kuchomoa nyaya na kufunga kila kabati kulikuchosha kabla ya kuanza. Orodha hiyo ndiyo itakayokupa vipimo. Ikiwa kilichokusumbua zaidi ni vizuizi vya maegesho, ambavyo mara nyingi huwekwa kwenye kimo cha mita 2 hadi 2.1, basi vani ya paa refu haitakusaidia hata iwe fupi namna gani. Ikiwa tatizo lilikuwa kugeuza gari na kurudi nyuma, mita sita zitakutosha na huna haja ya kujibana zaidi.

Pia orodha hiyo inaweza kukwambia usihame. Mtu anayekaa mahali pamoja miezi miwili mfululizo, au anayesafiri majira ya baridi na mvua akiwa na watoto, au ambaye kazi yake ya kila siku inahitaji meza isiyoondolewa, huenda akafaidika zaidi kwa kubaki na gari lake kubwa na kuchukua baiskeli au gari dogo la kuvutwa nyuma. Nimewaona watu wakiuza gari zuri kwa sababu ya uchovu wa safari moja mbaya, na uchovu wa namna hiyo hautibiwi kwa vani.

Hatua ya pili: Ishi katika nafasi ndogo kabla ya kuinunua

Zoezi hili halina gharama yoyote isipokuwa utepe wa karatasi. Sehemu ya mizigo ya Ducato ya mita 5.99 ina urefu wa mita 3.7 sakafuni na upana wa mita 1.87 pale inapopanuka zaidi, yaani chini kidogo ya mita saba za mraba, na humo ndimo hukaa kitanda, jiko, choo na kabati. Bandika utepe sakafuni mwa gari-nyumba lako, au hata sebuleni, ukichora mstatili huo, kisha uweke alama ya kitanda cha urefu wa mita 1.9 na upana wa mita 1.4 upande mmoja. Kinachobaki ndicho chumba chako. Makabati yote yaliyo nje ya mstari yafunge kwa utepe, uandike juu yake tarehe kila unapolazimika kuufungua, na uishi hivyo kwa siku kumi na nne.

Mimi na mwenzangu tulilifanya zoezi hili tukiwa tumeegesha, na lililotufundisha halikuwa makabati. Siku ya tatu tuligombana kwa ajili ya taulo. Katika gari kubwa taulo mbili zilizolowa zilikuwa na ndoano zake bafuni na hakuna aliyezifikiria; ndani ya mstatili wetu hazikuwa na mahali, na kila tulipozisogeza zilitua juu ya kitu kilichotakiwa kubaki kikavu. Tulipata pia kujua kwamba mimi huamka saa moja na nusu kabla yake, na kwamba saa moja na nusu hiyo ilikuwa imefichwa miaka yote nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Vani haina mlango huo. Ilitubidi tukubaliane mapema kwamba mtungi wa maji ya moto utajazwa usiku, na kwamba aamkaye kwanza atakaa kiti cha mbele kilichogeuzwa, pazia likiwa katikati.

Baada ya utepe, kodi vani inayofanana na ile unayoifikiria, kwa usiku usiopungua nne. Usiku mmoja au miwili hautoshi, kwa kuwa siku hizo za mwanzo mtu huvumilia kila kitu kama mchezo. Omba mvua inyeshe. Isiponyesha, jifungieni ndani siku nzima kwa hiari, mpike mara mbili, mtumie choo, mbadilishe nguo, mtandike na kuondoa kitanda, bila kutoka nje hata mara moja. Siku hiyo moja itakwambia zaidi kuliko maonyesho yote ya magari utakayoyatembelea.

Hatua ya tatu: Piga hesabu ya uzito

Hapa ndipo wanaotoka gari kubwa hujikwaa sana, kwa sababu hawakuzoea kuwaza kilo. Kila gari lina uzito wa juu unaoruhusiwa, ulioandikwa kwenye kibati chake na kwenye hati zake. Katika nchi nyingi za Ulaya vani hizi husajiliwa kwa kilo 3,500, kwa kuwa huo ndio mpaka wa leseni ya kawaida ya gari dogo, yaani daraja B, na wenye magari-nyumba mazito hushuka kwenye vani mara nyingi kwa sababu hiyohiyo ya leseni. Ukitoa uzito wa gari likiwa tayari kwa safari kutoka kwenye uzito wa juu, unapata kiasi cha mzigo unachoruhusiwa kubeba. Kwa utaratibu wa Ulaya, uzito wa gari lililo tayari huwa umekwisha kumhesabu dereva kwa kilo 75 na tangi la mafuta likiwa limejaa asilimia 90, lakini vifaa vilivyoongezwa baadaye havimo: turubai la ubavuni, betri ya pili, ndoano ya kuvutia, paneli za sola.

Chukua mfano wa vani inayoruhusiwa kilo 3,500 ambayo mizani imeonyesha kilo 3,020 dereva akiwa ndani. Unabaki na kilo 480, na masikio husikia kama ni nyingi. Sasa ondoa abiria mmoja wa kilo 70. Ondoa maji lita 100, ambayo ni kilo 100 kamili. Ondoa mtungi wa gesi wa chuma wa kilo 11, ambao ukiwa umejaa hufika kilo 22 hadi 25. Ondoa turubai la ubavuni kama kilo 30, na baiskeli mbili pamoja na kibebeo chake kama kilo 60. Umebaki na kilo zipatazo 195 kwa ajili ya nguo, matandiko, vyakula, vyombo, viti vya nje, zana, vitabu, kompyuta, na kila kitu kidogo kinachoingia garini bila kuonekana. Katika gari-nyumba kubwa vitu vya namna hiyo peke yake vinaweza kuzidi mara mbili ya hizo.

Kwa hiyo usiamini karatasi ya muuzaji. Vani unayoitaka ipelekwe kwenye mizani ya magari ikiwa imejazwa mafuta, na ipimwe ekseli ya mbele na ya nyuma kila moja peke yake, kwa sababu gari linaweza kuwa ndani ya uzito wake wa jumla na bado ekseli ya nyuma ikawa imezidiwa. Baiskeli zinazoning'inia nyuma ya magurudumu hufanya kazi kama mtu aliyekaa kwenye ncha ya ubao wa bembea: huongeza uzito wa ekseli ya nyuma kwa zaidi ya uzito wao wenyewe, na wakati huohuo huipunguzia ekseli ya mbele mshiko wake barabarani.

Hatua ya nne: Punguza vitu kwa mizani

Nunua mizani ndogo ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo ya ndege. Toa vitu vyote vya gari-nyumba lako nje, vigawe kwenye maboksi kwa shughuli, si kwa chumba: kulala, kupika, kuoga, kufua, kutengeneza, kupumzika. Pima kila boksi uandike kilo zake ubavuni. Utashangaa mahali uzito ulipojificha, maana mara chache huwa kwenye nguo. Kwetu sisi boksi la zana lilikuwa na kilo 31, na ndani yake mlikuwa na spana za gari tulilokuwa tumeliuza miaka sita nyuma.

Kuna ushauri maarufu kwamba kila kitu cha vani kifanye kazi mbili. Mimi siukubali sana. Kitu chenye kazi mbili huwa mara nyingi kiko kwenye kazi ile nyingine wakati unapokihitaji: kiti ambacho pia ni sanduku la viatu hakifunguki mtu akiwa amekalia, na meza ambayo pia ni kitanda huwafanya wote wawili walale kwa wakati mmoja. Jiulize badala yake kitu hicho kinatumika mara ngapi, na je, ili kukifikia ni lazima uhamishe vingapi? Sufuria inayotumika kila siku istahili droo yake peke yake hata kama haina kazi nyingine duniani. Mashine inayotumika mara moja kwa mwezi, na ambayo kuitoa kunahitaji kuhamisha vitu vitatu, hutaitumia kamwe.

Vifaa vikubwa vilivyokatwa kwa kipimo cha gari lako la sasa, kama vile hema la ubavuni, mapazia ya kioo cha mbele na mazulia, viache viende na gari. Havitaingia kwenye vani na mnunuzi atavifurahia. Vitu ambavyo huna uhakika navyo viweke kwenye boksi moja, moja tu, liandikwe tarehe na kuachwa nyumbani au kwa ndugu.

Hatua ya tano: Chagua mpangilio wa ndani kwa kuucheza

Ukifika kuangalia vani, mwambie muuzaji mapema kwamba utahitaji saa nzima na kwamba utavua viatu. Kisha fanyeni siku yenu nzima humo ndani, kwa mfuatano wake, kwa vitendo, si kwa kueleza. Ingieni kana kwamba mmetoka mvuani: makoti yanawekwa wapi, viatu wapi? Mmoja asimame jikoni na mwingine aende chooni. Fungueni friji huku mtu amekaa mezani. Lazeni miili yenu kitandani, wote wawili, kisha yule wa ndani ajaribu kutoka usiku bila kumkanyaga mwenzake. Tandikeni kitanda kutoka hali ya safari hadi hali ya kulala huku mkitazama saa. Kazi ya dakika mbili hufanywa kila siku bila kinyongo, lakini ya dakika kumi itawafanya baada ya wiki moja muache kitanda kimetandikwa na kupoteza meza.

Kitanda ndicho kinachotawala kila kitu kingine. Kikilala kukingama nyuma ya gari, huokoa nafasi nyingi ya urefu, lakini urefu wake hauwezi kuzidi upana wa bodi, na mita 1.87 za Ducato hupungua kuta zikishawekewa kizuia joto na mbao, isipokuwa pale mafundi walipotoboa bodi na kuongeza vibonge vya nje. Mercedes-Benz Sprinter na Ford Transit ni nyembamba zaidi ndani. Mtu mwenye kimo cha zaidi ya mita 1.8 asikubali neno la mtu yeyote. Alale chali, anyooshe vidole vya miguu, abaki hivyo dakika tano. Kitanda cha kufuata urefu wa gari humpa kila mmoja njia yake ya kutoka na huwafaa warefu, ila hudai bodi ya mita 6.36 au zaidi ili jiko na choo vipate mahali.

Choo cha ndani huzua mabishano kuliko kifaa kingine chochote. Tangi la choo cha kaseti, yaani kile ambacho tangi lake la uchafu huchomolewa na kwenda kumwagwa, huchukua lita 15 hadi 20, na kwa watu wawili hujaa baada ya siku mbili au tatu, kwa hiyo ratiba ya safari yako itaanza kufuata mahali pa kulimwaga kwa namna ambayo tangi kubwa la gari-nyumba halikukulazimisha. Chumba cha kuogea hula nafasi ya kabati zima la nguo. Kama umekuwa ukilala kwenye kambi zenye bafu, choo kidogo cha kubebeka chini ya kiti kitakutosha. Kama hulala kambini, usijidanganye kwamba utavumilia.

Niliyopuuza mimi ni mlango wa friji. Katika vani yetu ya kwanza ulifunguka kuelekea kwenye benchi, na hapakuwa na namna ya kuchukua kitu chochote bila aliyekaa kuinua magoti. Muuzaji, ambaye sitamtaja, aliufungua na kuufunga mara kadhaa mbele yetu, sisi tukiwa tumesimama, na hakuna aliyeketi. Tuliinua magoti kwa miaka miwili. Hivyo ketini. Hesabuni pia viti vyenye mikanda ya usalama, kwani idadi ya vitanda na idadi ya abiria wanaoruhusiwa kusafiri si lazima zilingane, na mjaribu kuvigeuza viti vya mbele milango ikiwa imefungwa, maana katika baadhi ya vani breki ya mkono huzuia kiti cha dereva.

Hatua ya sita: Umeme, maji na joto kwa kipimo kipya

Gari kubwa husamehe matumizi mabaya kwa sababu matangi na betri zake ni kubwa. Vani haisamehi, ingawa pia haihitaji vingi. Friji ya kompresa hutumia, kwa kukadiria, ampea-saa (Ah) 30 hadi 50 kwa siku kwenye mfumo wa volti 12, zaidi siku za joto kali. Ukiongeza taa, simu, pampu ya maji na feni ya hita, watu wawili hufika Ah 60 hadi 80 kwa siku. Betri ya asidi ya Ah 100 haifai kushushwa chini ya nusu ukitaka idumu, kwa hiyo inakupa kama Ah 50 tu, na ina uzito wa kilo 28 hadi 30. Betri ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma yenye ukubwa huohuo hukupa Ah 80 au 90 kwa uzito wa kilo 11 hadi 13. Ukikumbuka hesabu ya kilo 195, utaelewa kwa nini ninaona lithiamu ina thamani zaidi kwenye vani kuliko kwenye gari kubwa. Isichajiwe tu joto lake likiwa chini ya nyuzi sifuri, isipokuwa iwe na kipasha joto chake. Kama gari lina altaneta (jenereta ya injini inayochaji betri) ya kisasa inayopunguza volti yenyewe, weka kati yake na betri chaja inayopandisha volti, la sivyo utaendesha siku nzima na jioni ukute betri haijajaa. Paneli za sola wekeni zile ambazo paa linaweza kupokea baada ya madirisha, lakini kumbuka kwamba ukiegesha kivulini ili mpate ubaridi, paneli nazo zimelala.

Maji lita 100 huwatosha watu wawili siku tatu au nne kwa kuosha vyombo na kunawa, na hazifiki mbali kama mnaoga humo ndani kila siku. Joto ni habari tofauti: hita ya dizeli ya kilowati 2, ambayo hutumia kati ya lita 0.1 na 0.25 kwa saa, huipasha vani haraka sana, na ubaridi hurudi haraka vilevile ukiizima. Tatizo ambalo wanaotoka gari kubwa hawalitegemei ni mvuke. Kila mtu aliyelala hutoa takriban robo lita ya maji kwa pumzi na ngozi usiku mmoja, na katika chumba kidogo chenye mbavu za chuma maji hayo hutua kwenye vioo, nyuma ya makabati na chini ya godoro. Acheni tundu la paa wazi kidogo hata kukiwa na baridi, funikeni vioo kwa vizuia joto, na chini ya godoro pawe na chaga au wavu unaopitisha hewa. Jiko la gesi lisitumiwe kamwe kupashia chumba joto, na kengele ya gesi ya kaboni monoksidi iwepo, kwani katika ujazo mdogo namna hiyo sumu hukolea upesi.

Hatua ya saba: Kagua vani iliyotumika

Ukaguzi wa injini mwachie fundi unayemwamini, ukimkumbusha mkanda wa taimingi, ambao katika vani nyingi zilizotumika huwa unadai kubadilishwa kwa miaka hata kama kilomita hazijafika. Wewe angalia mambo ya nyumba. Pitisha kipima unyevu kwenye mbao kuzunguka madirisha na matundu ya paa: usomaji wa chini ya asilimia 15 ni mzuri, wa zaidi ya asilimia 20 unahitaji maelezo. Inua godoro na zulia utafute kutu kwenye kingo za bati zilizokatwa ili kuweka madirisha, kwani fundi asiyepaka rangi kingo hizo ameacha ugonjwa. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi baada ya herufi DOT. 1819 maana yake ni wiki ya 18 ya mwaka 2019, na vani zinazosimama muda mrefu huzeesha mpira kabla ya kuumaliza. Hatimaye hakikisha hati zinaitaja kama gari la kambi, kwa sababu kampuni ya bima inaweza kukataa madai ya gari lililosajiliwa kama la mizigo huku ndani mkiwa na jiko.

Hatua ya nane: Uza gari-nyumba

Lisafishe, limwage matangi yote, lipimwe unyevu na fundi, na maandishi yake yaambatanishwe na kumbukumbu za matengenezo. Futa anwani ya nyumbani kwenye kifaa cha kuonyesha njia. Mwulize mnunuzi leseni yake kabla hajalijaribu barabarani, maana mwenye leseni ya kawaida huenda haruhusiwi kulishika usukani. Funguo zisitoke mkononi mwako kabla benki yenyewe haijakuthibitishia kwamba fedha zimeingia. Kuhusu kipi kitangulie, kuuza au kununua, mimi ningeuza kwanza, lakini baada ya kumaliza usiku ule minne wa kukodi. Anayenunua akiwa bado na gari kubwa uani hulipia bima mbili, na mwishowe huliuza kwa haraka na kwa hasara.

Hatua ya tisa: Safari tatu za mwanzo

Safari ya kwanza iwe ya usiku mmoja, karibu na nyumbani, ili lililosahaulika lichukuliwe kesho yake. Ya pili iwe ya siku nne. Ya tatu izidi wiki moja. Mpaka hapo usitoboe tundu wala kununua rafu, mfuko wa ukutani au sanduku la kupangia, kwa sababu mahali unapodhani panahitaji rafu leo si pale utakapopahitaji baada ya mkono wako kuzoea. Katika safari ya pili andikeni mfuatano wa asubuhi, nani anatangulia kusimama, kitanda kinakunjwa kabla au baada ya maji kuchemka, nani anatoka nje na kwa muda gani, na mfuatano wa jioni ya mvua, ambao huwa mgumu zaidi: anayeingia kwanza huvua viatu akiwa amekaa kwenye kizingiti, hupita hadi kiti cha mbele, hukigeuza, na kukaa hapo hadi mwenzake amalize kutundika makoti. Baada ya mara tano au sita hamtahitaji karatasi.

Lile boksi moja lenye tarehe lifungueni baada ya miezi sita. Sisi tulikuta humo mashine ya kusagia, jozi mbili za viatu vya mlima, darubini, na beseni pana la kufulia. Beseni tulilirudisha garini siku hiyohiyo, kwa kuwa usiku linaingia chini ya kiti cha abiria, na ndimo sasa zinamokaa taulo zilizolowa.